Transista Milioni Nne kwa Shilingi Moja

Tuanze na hesabu. Memori kadi ya GB 32, ile ambayo vijana wa Makoroboi hapa Mwanza wanakujazia nyimbo ukaichomeke kwenye sabufa, inabeba biti, yaani zile sifuri na moja za kompyuta, bilioni 256 hivi. Kadi za siku hizi kwa kawaida hubana biti tatu katika seli moja, na kila seli ni transista, kijifaa cha kuwasha, kuzima au kukuza umeme. Gawanya, unapata transista zaidi ya bilioni 80 kwenye kitu kinachoweza kupotea ukipiga chafya karibu yake. Ukiwa umeinunua kwa shilingi 20,000, kila shilingi yako imekuletea transista milioni nne. Na shilingi yenyewe siku hizi nani anaikumbuka sura yake? Kondakta wa daladala akikurudishia chenji anaanzia hamsini, tena siku akiwa na roho nzuri.

Sasa rudi nyuma hadi 1953. Mwaka huo kampuni ya Raytheon ya Marekani iliingiza sokoni transista iliyoitwa CK722, miongoni mwa za mwanzo kabisa ambazo mtu wa kawaida angeweza kuingia dukani akazinunua. Moja iliuzwa dola 7.60, na ukizileta pesa hizo kwenye thamani ya leo unazungumzia zaidi ya dola 80. Kwa transista moja. Tena si ya daraja la kwanza. Raytheon walikuwa wakitengeneza transista za vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri. Zilizofaulu vipimo zilikwenda huko, na zilizofeli zikapigwa chapa ya CK722 wakauziwa wapenda redio. Watu wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa sana biashara ya namna hiyo. Minofu ya sangara inapanda ndege, mapanki yanabaki kwetu, na mapanki nayo yana bei yake na wateja wake.

Kwa nini ghali hivyo? Kwa sababu zilitengenezwa kwa mkono, na kiwanda hakikujua kimetengeneza nini mpaka kipime moja baada ya nyingine. Transista ya kwanza kabisa, ile ya Desemba 1947 katika maabara za Bell kule New Jersey, ilikuwa kazi ya kifundi ambayo ukiiona pichani utasema imetoka kibandani kwangu. John Bardeen na Walter Brattain walichukua kipande cha jemaniamu, kitu kinachopitisha umeme nusunusu, wakakikandamizia kijipande cha plastiki chenye umbo la pembe tatu, kilichozungushiwa ukanda mwembamba wa dhahabu. Pale nchani Brattain aliikata dhahabu kwa wembe ili zipatikane ncha mbili zilizokaribiana mno bila kugusana, halafu springi ikashikilia mkusanyiko wote mahali pake. Tarehe 23 Desemba wakawaita wakubwa wao waje wasikie: sauti iliyoingia ndogo ilitoka kubwa. William Shockley, aliyekuwa mkuu wa kikundi chao, alibaki na kijiba cha roho kwa kuwa mkono wake haukuwemo, na wiki chache baadaye akawa amebuni transista ya aina nyingine, isiyohitaji ncha za kugusisha, ambayo kwa kweli ndiyo iliyokuja kufaa viwandani. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Kijiba cha roho nacho kina faida zake.

Mimi natengeneza redio, sabufa na taa za sola kwenye kibanda kimoja Kirumba, njia ya kwendea Mwaloni. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na meza yake upande wa Mlango Mmoja, fundi aliyeanza enzi za redio za mbao. Mzee huyu hakutupa transista. Redio iliyokufa kabisa aliichuna kama mbuzi, akapima kila kilichotoka, na kilichokuwa hai kikaingia kwenye kopo la Africafé. Makopo yalijipanga rafuni, kila moja na kipande cha plasta kilichoandikwa aina ya transista kwa kalamu ya wino: OC44, OC45, OC71, OC72.

OC71 inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kichupa cha kioo kisichofika hata nusu ya kidole, kimepakwa rangi nyeusi, na upande mmoja kina nukta nyekundu. Nukta hiyo inakuonyesha mguu wa kolekta, mmoja wa ile miwili ambayo umeme mkubwa hupita kati yake. Miguu ni mitatu, imepangwa mstari mmoja, mirefu na laini. Siku moja mzee alichukua wembe akaanza kukwangua ile rangi taratibu. Ndani ukaonekana ute mweupe, na katikati yake kipande cha jemaniamu chenye vitone viwili, kila upande kimoja. Akaiunga kwenye mita, mita ya mshale, akaifunika kwa kiganja. Mshale ukalala. Akatoa mkono, jua la saa sita likaipiga, mshale ukapanda. Akafunika tena, ukashuka. Kumbe rangi nyeusi haikuwa urembo. Mwanga ukiingia transista inaanza kupitisha umeme bila kuambiwa, ndiyo maana iliwekwa gizani. Watengenezaji wenyewe walilijua hilo vizuri, na walikuwa na nyingine, OCP71, ambayo ni ndugu yake asiyepakwa rangi, wakiiuza kama kifaa cha kuhisi mwanga.

Mwanga ulizuilika kwa rangi. Joto halikuzuilika. Ndani ya transista ya jemaniamu kuna umeme unaovuja hata kama hujaigusa besi, mguu unaoiamrisha, na uvujaji huo huongezeka takriban mara mbili kila joto likipanda kwa nyuzi kumi. Fikiria redio iliyoachwa kwenye mtumbwi mchana, au iliyokaa juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari kule Igogo. Asubuhi inapiga vizuri. Mchana inaanza kukoroma, sauti inapinda, betri zinaisha haraka kuliko kawaida. Jioni imepona, na mwenye redio akikuletea fundi, ugonjwa huuoni. Kwenye upande wa kutoa sauti hatari ilikuwa kubwa zaidi: transista ikipata joto inavujisha, ikivujisha inapata joto zaidi, mpaka inajiua. Ndiyo maana redio nyingi za zamani zina themista, kifaa kinachohisi joto, karibu na zile OC72, kazi yake kupunguza umeme wa besi joto linapopanda. Mzee alikuwa anaanza na themista kabla ya kuilaumu transista. Watu wengine walianza na transista, wakaua mbili tatu za thamani ndipo wakakumbuka.

Silikoni ndiyo iliyomaliza shida hiyo. Texas Instruments walitoa transista ya silikoni ya biashara mwaka 1954, kazi iliyoongozwa na Gordon Teal. Silikoni ni ngumu kuitengeneza, inayeyuka kwenye nyuzi 1,414 wakati jemaniamu inatosheka na 938, lakini uvujaji wake ni mdogo mno hata ukaisahau. Tena ikipata oksijeni inajifunika ngozi yake yenyewe, ngumu, isiyopitisha umeme. Mwaka 1959 Jean Hoerni wa kampuni ya Fairchild alionyesha namna ya kuitumia ngozi hiyo kuzilinda na kuzichora transista nyingi juu ya kipande kimoja, bapa, kwa mpigo. Kwa maoni yangu hapo ndipo bei ilipovunjika, kuliko siku ile ya dhahabu na wembe. Mkono wa mtu ulitoka kwenye transista mojamoja. Mwaka 1971 Intel walitoa chipu ya 4004 yenye transista 2,300. Mwaka 2020 Apple walitoa ya M1 yenye bilioni 16. Nani angezipima moja moja?

Lakini mazoea ya zamani hayafi haraka. Mpaka leo mzee akilehemu transista yoyote anabana mguu wake kwa koleo, kati ya bodi na mwili, ili joto liishie kwenye koleo. Enzi za jemaniamu hiyo ilikuwa lazima. Transista nyingine hazikulehemewa kabisa, zilichomekwa kwenye soketi kama taa. Anafanya hivyo hivyo kwa silikoni ya mia tatu. Ukimwambia haina haja anakutazama, anaendelea. Jambo jingine ambalo mafundi wa sasa linawavuruga wakiletewa redio ya babu: transista nyingi za jemaniamu ni za aina ya PNP, kwa hiyo chanya ya betri ndiyo iliyoungwa kwenye ardhi ya redio, yaani waya wa pamoja wa saketi. Kijana aliyezoea hasi kuwa ardhi anaweka mita yake, anasoma kila kitu kinyume, anatangaza redio imeungua. Haijaungua. Geuza waya za mita.

Kuna kituko kingine cha miaka ya 1960 kinachonifurahisha. Kwa kuwa transista ilikuwa kitu cha kujivunia, redio ziliandikwa usoni kwa herufi za dhahabu: 6 Transistor, 7 Transistor, 10 Transistor. Mteja akinunua namba. Basi baadhi ya watengenezaji wakawa wanabandika transista za ziada zisizofanya kazi yoyote ya maana, au zilizofeli zikatumika kama dayodi, kifaa cha kupitisha umeme upande mmoja tu, ilimradi hesabu ipande. Usiwacheke. Nenda mtaa wowote wenye maduka ya elektroniki mjini kwetu utazame sabufa zilizoandikwa Watt 10,000 PMPO, namba ya kujisifia tu, halafu geuza nyuma usome transfoma imeandikwaje.

Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwishoni mwa 1954. Ilikuwa na transista nne tu na iliuzwa dola 49.95, ambazo leo ni zaidi ya dola 500. Kwetu Kanda ya Ziwa redio za namna hii zilifika baadaye na hazikuwa za kila nyumba. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchi nzima walijiunga na vikundi vya kujifunza kwa redio: mnakaa, mnasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, mnasoma kitabu, mnajadili, mnakwenda kuchimba choo. Redio moja iliwakusanya majirani. Mzee anasema redio ya kikundi ikizimika hakuja mtu mmoja kuileta kwa fundi, ulikuja ujumbe, na ujumbe haukuondoka mpaka ulie. Spea ikikosekana Mwanza iliagizwa Dar es Salaam au Nairobi, na kusubiri ilikuwa sehemu ya matengenezo.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Enzi za mzee, transista ilikuwa ghali na muda wa fundi ulikuwa rahisi. Angeweza kukaa na redio moja siku nzima akijiridhisha kwamba OC45 imekufa kweli, kwa sababu kuibadilisha bure ilikuwa hasara kubwa kuliko siku yenyewe. Leo mizani imepinduka. Transista karibu ni bure, na kinachouzwa kibandani kwangu ni saa. Kilichoshuka bei ni kifaa. Chakula changu, kodi ya kibanda na umeme wa LUKU havikufuata.

Mvuvi wa dagaa alikuja kutoka Igombe na taa yake. Zamani walikuwa wanavulia karabai, mafuta ya taa na soksi ya kuwaka, upepo ukivuma zinazimika. Siku hizi wengi wamehamia taa za LED zenye betri inayochajiwa na sola. Taa nzuri, lakini maji ya ziwa yanaingia, na bodi ikiloa inaota ukungu wa kijani.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri kaka, karibu."

"Hii imegoma tangu juzi. Betri nzima, nimeijaribu kwa mwenzangu."

Nikaifungua. Upande wa kuwasha taa kulikuwa na transista ya kubandika, urefu wake haufiki milimita tatu, imeandikwa J3Y mgongoni. Maandishi hayo huyasomi kwa macho. Unafungua kamera ya simu, unavuta picha, ndipo yanatokea. J3Y ni S8050, transista ya kawaida kabisa, dukani ni mia tatu na wakati mwingine wanakuongeza moja. Mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na kutu. Nikamwonyesha, nikamwambia ni hii, na matengenezo ni elfu tano.

"Elfu tano? Si umesema mwenyewe kifaa ni mia tatu?"

"Kifaa ni mia tatu. Elfu nne na mia saba ni ya kujua kilipojificha."

Akacheka, lakini hakukubali haraka. Akanikumbusha kwamba taa mpya si mbali sana na bei hiyo mara tatu. Alikuwa na haki kabisa ya kupiga hesabu hiyo. Vifaa vikiwa rahisi hivi, kila matengenezo yanashindana na kitu kipya kilicho kwenye boksi, na siku kitu kipya kikishuka kidogo zaidi, taa kama ile haitanifikia. Itatupwa. Mvua ikinyesha itaingia mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani. Tuliafikiana elfu nne, na sharti lake: ikigoma tena ziwani, atakuja kulala kibandani kwangu.

Nisieleweke vibaya. Sina hamu ya kurudi kwenye jemaniamu. S8050 ile ya mia tatu ingewatoa machozi watu wa 1953: inakuza zaidi, inapitisha umeme mwingi zaidi, haijali bati la moto, na nikinunua mfuko mzima zote zinafanana. Ukiniwekea CK722 na S8050 mezani na kuniambia nitengeneze redio, sitafikiri mara mbili. Hata kipima-transista changu, kile kidogo cha kutoka China kinachokwambia mguu upi ni besi, upi kolekta, upi emita, kina chipu ndani yake inayofanya kwa sekunde kazi ambayo mzee aliifanya kwa mshale na subira. Wazo lake lilianza kwa wapenda elektroniki wa Ujerumani waliolitoa bure, Wachina wakalifanya la bei ya kula. Nawashukuru wote wawili.

Ninachokilalamikia ni kingine, nacho ni feki. Ungedhani kitu kikiwa rahisi hakuna atakayehangaika kukighushi. Wapi. Kwenye transista kubwa za amplifaya ndiko kwenye balaa, hasa 2SC5200 na mwenzake 2SA1943. Ya kweli inastahimili volti 230 na ampia 15. Ya feki ina mwili uleule, maandishi yaleyale, na ndani kipande cha silikoni kidogo ambacho sabufa ya baa ikipandishwa Jumamosi usiku kinafumuka. Niliwahi kununua jozi kadhaa mjini kwa bei nzuri iliyonitia shaka. Nikachukua pamba, nikaitia dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nikasugua uso wa moja. Maandishi yakatoka yote, chini yake mwili una mikwaruzo, kumbe ulishapigwa msasa ukaandikwa upya. Nyingine nikaibana kwenye jiliwa mpaka ikapasuka. Kipande cha ndani kilikuwa hakizidi punje ya mchele, wakati cha kweli kinajaza nafasi. Tangu hapo transista kubwa sinunui bila pamba mfukoni. Za zamani kwa hili zilikuwa na heshima: ziliweza kuwa mbovu, lakini ubovu wake ulikuwa wa kweli.

Ingawa hata hapo tusiwasifu kupita kiasi. AF117, transista ya jemaniamu iliyojaa kwenye redio za Ulaya za miaka ya 1960, imefungwa ndani ya kopo la chuma, na ndani ya kopo hilo madini ya bati, si bati la kuezekea, yanaota nywele. Nywele nyembamba za chuma, zisizoonekana kwa macho, zinakua polepole kwa miaka hata kama redio iko kabatini, mpaka zinagusa miguu na kupiga shoti. Ukiletewa redio ya namna hiyo haina sauti, kabla hujaanza kutafuta mbadala wa AF117, ambao huupati, kata mguu wa nne, ule uliounganishwa na kopo. Mara nyingi redio inaamka palepale.

Wiki iliyopita nilimpitia mzee. Nilikuwa nimesoma kwamba wapiga gita wa Ulaya na Marekani wananunua transista za jemaniamu, AC128 na jamaa zake, kwa bei ambayo memori kadi yangu inaona aibu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza.

"Za nini?"

"Za kukwaruzisha sauti ya gita, mzee. Visanduku vya zamani vya kukwaruzisha vilijengwa nazo, wanasema silikoni haina ladha ileile."

Alinitazama kuona kama namtania. "Miaka yote ile tunahangaika redio zisikwaruze."

Akasimama, akashusha kopo la rafu ya juu, akamwaga AC128 zake mezani juu ya gazeti, akaanza kuzitenganisha. Nzima alizirudisha koponi. Zinazovuja alinisogezea mimi, akasema hizo ndizo niwapelekee. Nikamwambia hawataki inayovuja sana, wanataka ya kuvuja kiasi, maikroampia 100 hadi 300 hivi. Akavuta mita, akaniambia nishike kalamu niandike, na tukaanza upya na lile kopo zima.